Jinsi watafiti wanavyopima raha ya michezo ya kompyuta

KITANDA usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa mantiki hiyo, njia iliyozoeleka ya kujua anachohisi mchezaji wa michezo ya kompyuta ni kumwuliza mwenyewe.

Miongoni mwa hojaji zinazotumiwa sana ni ile iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi. Sehemu yake kuu ina kauli 33, ambazo mchezaji huzipa alama kuanzia 0 hadi 4. Majibu hupangwa katika mafungu saba, yakiwemo umahiri, changamoto, karaha na hali ya kuzama mchezoni.

Hata hivyo, hojaji hujazwa baada ya mchezo, kumbukumbu ikiwa imeanza kufifia. Na mchezaji akikatizwa ili aulizwe, huvurugika hali ile ile inayopimwa.

Ndiposa watafiti wakaugeukia mwili. Vifaa hubandikwa vidoleni kupima jasho, shavuni kunasa tabasamu, na juu ya nyusi kunasa kukunjwa kwa uso. Jasho huonyesha tu kwamba mtu amesisimka. Halibainishi iwapo ni kwa furaha au kwa hofu. Misuli ya uso ndiyo husaidia kutofautisha.

Nchini Finland, Niklas Ravaja na wenzake walieleza mnamo 2006 jinsi walivyowapima wachezaji wa Super Monkey Ball 2, ambamo tumbili aliye ndani ya mpira hubingirishwa juu ya njia nyembamba. Tumbili alipoporomoka, nyuso za wachezaji zilionyesha furaha. Lakini kosa lilo hilo liliporudiwa kwenye skrini, wao wakitazama tu, furaha iligeuka karaha.

Hojaji nazo hazikusalimika. Mnamo 2018, Effie Law, Florian Brühlmann na Elisa Mekler waliichunguza upya ile ya Eindhoven, ambayo tayari ilikuwa imetegemewa na tafiti nyingi. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mafungu yale saba yanatofautiana kama ilivyodaiwa.

Kwa hivyo, mzazi au mwalimu anayeambiwa kuwa utafiti umethibitisha mchezo fulani huwafurahisha au huwateka watoto, hana budi kuuliza kwanza: kilichopimwa ni nini, kilipimwa wakati gani, na kwa kipimo kipi?