Viatu vya Theluji katika Mlima wa Montreal

Michezo mingi ilizaliwa na haja kabla ya kulelewa na starehe. Haja hutangulia ikatengeneza chombo. Starehe hufuata ikakitwaa, kisha aghalabu ikamsahau aliyekitengeneza. Historia ya mwendo wa theluji katika mji wa Montreal, nchini Kanada, ni mfano wa jambo hili. Yafaa kuichunguza, maana ndani yake limo swali la nani mwenye haki ya kukanyaga ardhi ya watu wote.

Montreal umejengwa kisiwani, katika mto St. Lawrence, na katikati ya kisiwa hicho umesimama mlima mdogo uitwao Mount Royal, wenye kimo cha mita 233. Wakati wa baridi theluji huufunika, na mahali isiposhindiliwa mguu huzama kama uzamavyo katika tope la mikoko. Zamani mtu asiyejua hila ya kutembea juu yake alikuwa mfungwa mlangoni pake.

Hila hiyo waliivumbua wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, karne nyingi kabla Wazungu hawajafika. Walitwaa mti mwembamba usiovunjika upesi, wakaukunja, wakasuka wavu wa kanda za ngozi mbichi katikati yake, na mbele wakaacha mwanya ili vidole vipate kushuka kisigino kinapoinuka. Siri yake ni nyepesi: uzito ambao wayo ungeutia mahali padogo hutandazwa mahali papana, na theluji ikauhimili. Penye msitu wa kusongamana kiatu kilikuwa kifupi na kipana. Penye uwazi kilikuwa kirefu na chembamba. Mara nyingi mwanamume alikunja mti na mwanamke akasuka ngozi, na kwa kazi ya wawili hao jamaa ilipata nyama wakati ambao pasipo viatu hivyo ingelala njaa.

Wafaransa walioweka makazi Montreal mwaka 1642 walijifunza matumizi ya kiatu hicho kwa wenyeji, na baada yao wafanya biashara ya ngozi za manyoya waliingia nacho msituni. Lakini katika miaka ya 1840, waungwana wa mji walipounda Montreal Snow Shoe Club, kiatu kilikuwa kimekwisha badili kazi. Wanachama wengi walikuwa watu wa biashara na ofisi, wenye asili ya Kiingereza na Kiskoti. Usiku walivaa makoti ya blanketi, kofia za buluu za kufumwa, na viatu laini vya ngozi vilivyoigwa kwa wenyeji, wakaupanda mlima kwa mstari mmoja mpaka ng'ambo, penye chakula na nyimbo. Mpiga picha maarufu William Notman aliwapiga picha katika chumba chake, juu ya theluji ya bandia. Mwaka 1883 mji ulipofanya sherehe kuu ya kwanza ya wakati wa baridi, vyama hivyo vilitembea na mienge, nao mlima ukameremeta.

Uzuri huo ulikuwa na upande wake wa giza. Wamohawk wa Kahnawake, kijiji kilicho ng'ambo ya kusini ya mto, walikuwa wepesi sana katika mbio za viatu vya theluji. Waliitwa kuwafurahisha watazamaji, lakini mara nyingi waliwekwa katika mbio zao peke yao, wakashindania fedha, hali waungwana walishindania heshima. Mwaka 1873 chama kingine cha mji, Montreal Pedestrian Club, kiliandika maana ya mchezaji wa ridhaa. Licha ya kumtoa mtu aliyepata kushindania fedha, maana hiyo ilimtoa kibarua na mwenyeji wa asili kwa kuwa kibarua na mwenyeji wa asili tu. Hivyo mwenye kiatu akafanywa mgeni katika karamu ya kiatu chake. Na kibarua naye, ambaye bandari ilipofungwa kwa barafu alikosa kazi, aliona wakati wa baridi ukiwa mchezo kwa wengine na njaa kwake.

Miaka hiyo hiyo mlima wenyewe ulikuwa hatarini. Sehemu zake nyingi zilikuwa mali ya watu binafsi, na mmoja wao alipoikata miti yake kwa ajili ya kuni, wakazi waliona kwamba kilichokuwa fahari ya wote kingeweza kuuzwa kwa kipimo cha kuni. Walilalamika, na hatimaye mji ukaitwaa ardhi. Mwaka 1874 aliitwa Frederick Law Olmsted, ambaye pamoja na Calvert Vaux alikuwa amebuni Central Park ya New York. Alichora njia ya kuzungukazunguka, yenye mwinuko wa taratibu, ili hata mnyonge apate kufika juu. Mipango yake haikufuatwa yote, kwani fedha zilipungua. Lakini tarehe 24 Mei, 1876, bustani ilifunguliwa. Kati ya kanuni ya 1873 na bustani ya 1876 ni miaka mitatu tu, nayo ni miaka ya fikira mbili zinazopingana: moja yauliza mtu ni nani, ya pili yampa njia apite.

Baadaye zilikuja mbao za kutelezea, ambazo watu wa Norwei walizitumia tangu kale. Montreal Ski Club iliundwa mwaka 1904. Katika miaka ya 1930 Herman Smith-Johannsen, mzaliwa wa Norwei aliyeishi tangu 1875 mpaka 1987, alifungua njia ndefu ya mbao hizo katika vilima vya Laurentides, kaskazini ya mji. Mbao hutaka njia iliyoshindiliwa; kiatu huweza kupita hata pasipokanyagwa. Kwa hiyo bustanini leo njia zao hutengwa, na mwenye viatu huombwa asiharibu mifuo ya mwenye mbao. Hata katika ardhi ya wote, adabu haina budi kuwako.

Viatu vya siku hizi aghalabu ni vya alumini na plastiki, na hukodishwa mlimani kwa saa. Bustani haikulilipa deni la wale waliovivumbua, wala haikumwongezea kibarua wa zamani siku ya kupumzika. Ila ilifanya jambo ambalo chama hakikulifanya: iliiacha njia wazi, hata wajukuu wa waliofukuzwa mashindanoni waweze kupita bila ya kuomba ruhusa. Haki hiyo ni ndogo, lakini pasipo ardhi isiyouzwa hata hiyo haipatikani.