Saa na Vipimahewa vya Kiingereza Katika Tarehe ya Bukavu

Kipimahewa cha zebaki cha Kiingereza cha karne ya 18, kile kirefu cha mbao ya mahogani ambacho wakusanyaji hukigombea kwenye minada ya London, kikitundikwa sebuleni Bukavu hakina kazi. Kipimo chake huanza inchi 28 na kuishia inchi 31, na kila nusu inchi ina neno lake: Dhoruba chini kabisa, kisha Mvua Nyingi, Mvua, Mabadiliko, Shwari, Shwari ya Kudumu, na juu kabisa Ukavu Mkubwa. Maneno hayo yaliandikiwa watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na huko zebaki husimama kwenye inchi 25, chini ya Dhoruba, mahali ambapo fundi wa London aliacha ubao mtupu. Mwezi wa Julai, vumbi likitimka Kadutu na mbingu zikiwa hazina hata wingu, chombo hicho kitashikilia kwamba tufani imepita kipimo.

Vile vya duara visivyo na zebaki, vinavyoitwa aneroidi, vina skrubu ndogo mgongoni ya kurekebisha mshale. Vingi vya nyumbani havikubali kurekebishwa kufikia urefu kama wa Bukavu. Na hata ukipata kinachokubali, hakitakutabiria mvua. Karibu na ikweta mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa mpangilio wake: juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Mabadiliko ya mgandamizo yanayoletwa na hali ya hewa yenyewe ni madogo kuliko mawimbi hayo ya kila siku. Kwa hiyo mwenye subira anaweza kusoma saa kwenye kipimahewa, lakini asitegemee kujua kama achukue mwavuli.

Nayasema haya kwa sababu vyombo vya jamii hii viliingia katika tarehe ya Kivu mapema kuliko mji wenyewe, na vilivyoacha alama ni vile vilivyokosea.

Tuanze na Uvira, Aprili 1858. Richard Burton na John Hanning Speke walivuka Tanganyika kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakifuata habari za mto mkubwa kaskazini mwa ziwa. Ukitoka ziwani, huenda ukawa ndio Nile. Uvira wenyeji waliwaambia, na wana wa mtawala wa hapo walikuwa miongoni mwao, kwamba Ruzizi unaingia, hautoki. Mabaharia wao wakakataa kuendelea, wakarudi.

Walichobaki nacho kilikuwa urefu wa ziwa juu ya bahari. Kupima urefu wa mahali bila kipimahewa ni kazi ya sufuria. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda: pwani nyuzi 100 za Selsiasi, Bukavu nyuzi 95 hivi, na mama yeyote wa Ibanda aliyewahi kupika maharagwe pwani anajua tofauti hiyo kwa hesabu ya makaa. Mpelelezi huchemsha maji, husoma kipimajoto, hupiga hesabu. Vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimekwisha kuvunjika njiani. Walitumia kimoja cha kupimia maji ya kuoga, nacho kikawapa futi 1,850 hivi. Tanganyika iko futi 2,535. Kosa lote hilo, karibu futi 700, halifiki nyuzi moja na nusu ya Farenhaiti. Unaweza kulipata kwa kusoma kioo ukiwa umekaa upande.

Kosa hilo lilizua ugomvi wa miaka. Samuel Baker alifika ziwa Albert mwaka 1864 akasema liko futi 2,720. Kwa hesabu hizo mbili Tanganyika lilikuwa bonde chini ya Albert, na maji hayapandi mlima. Burton, ambaye sasa alitaka Nile itoke Tanganyika ili kumpinga Speke, alidai kwamba kipimajoto kilidanganya, na Ruzizi unatoka. Kuhusu kipimajoto alikuwa sahihi. Hata Baker alikosea, kwa kuwa Albert liko futi 2,030 tu, chini ya Tanganyika kama Burton alivyohitaji. Lakini Ruzizi ulikuwa unaingia, vilevile kama watu wa Uvira walivyomwambia. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi Ujiji, wakafika mdomoni mwa mto, wakaona maji yakija. Hapakuhitajika chombo.

Ambacho hawakukiona wote hao ni ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya bahari, lililosimama katikati na kuharibu kila hoja iliyojengwa juu ya maziwa mawili. Na hapa kuna jambo la kumsikitikia Burton: zamani Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, kuelekea ziwa Edward, na kutoka huko Nile. Volkano za Virunga zilipoziba njia, ziwa likajaa likafurika kusini, likaufanya Ruzizi uwe kama ulivyo. Burton alichelewa kwa kama miaka elfu kumi.

Sasa saa. Kwa baharia au mpelelezi, saa nzuri haikuwa ya kujua wakati wa chakula. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika nne. Ukijua saa ya Greenwich, na ukajua kwa jua au nyota saa ya hapo ulipo, tofauti kati yake ndiyo longitudo yako. Bunge la Uingereza liliweka zawadi ya pauni 20,000 mwaka 1714 kwa atakayetatua tatizo hilo baharini, na John Harrison, seremala aliyejifunza kutengeneza saa mwenyewe, akamaliza mwaka 1759 chombo kinachojulikana kama H4. Katika safari ya kwenda Jamaika mwaka 1761 na 1762 kilipoteza sekunde tano tu. Kutoka hapo likatokea kabila zima la kronomita za Kiingereza: sanduku la mraba, uso mweupe, na pete mbili za shaba zinazoifanya saa ibaki mlalo hata meli ikiyumba.

Pete hizo zilibuniwa kwa mawimbi. Njia za Afrika ya kati zilikuwa na kichwa cha mpagazi, utelezi na mito isiyo na daraja. Sekunde nne zikipotea karibu na ikweta, ramani imehama karibu kilomita mbili. Dakika nne, kilomita 111. Mwezi wa Januari 1867 kijana aliyebeba kronomita za Livingstone aliteleza akaanguka nazo, mara mbili. Saa hazikusimama, na hilo ndilo lililokuwa baya. Ziliendelea kutembea kwa mwendo mwingine, na longitudo zilizofuata zikasogea mashariki kama maili 20. Saa iliyosimama humfanya mtu aache kuiamini.

Vyombo vya Livingstone havikufa naye. Mwaka 1873, wahudumu wake Chuma na Susi na wenzao walipokuwa wakiubeba mwili wake kwenda pwani, walikutana Unyanyembe na Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la maji la Uingereza. Cameron alifungua masanduku akachukua sehemu kubwa ya vyombo kwa safari yake, bila wabebaji kuridhika. Akavuka navyo Manyema, akapita Nyangwe, akatokea pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Mkusanyaji wa leo anayelipa pesa nyingi kwa chombo kilichotumiwa na mpelelezi angefaa kukumbuka kwamba kiligusa mikono mingi kuliko ule mmoja unaoandikwa kwenye katalogi.

Ikaja 1885. Mwezi wa Agosti Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold wa Ubelgiji lilitangaza mipaka yake. Upande wetu ilikuwa hivi: longitudo ya 30 mashariki ya Greenwich, kushuka mpaka latitudo ya nyuzi moja na dakika 20 kusini, kutoka hapo mstari ulionyooka mpaka ncha ya kaskazini ya Tanganyika. Hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Kivu. Ncha ya Tanganyika yenyewe ilikuwa kwenye ramani kwa hesabu za saa zilizoanguka na kuchoka. Mstari ulivutwa kati ya nukta isiyowahi kukanyagwa na Mzungu na nukta isiyojulikana vizuri, na katikati yake kulikuwa na ufalme wa Rwanda, wenye majeshi na kodi zake, ambao haukuulizwa.

Ukiuchora mstari huo leo, unaikata Rwanda ya magharibi, na Kivu lote, pamoja na Cyangugu, linabaki Kongo. Mjerumani von Götzen alipofika ziwani mwaka 1894, Berlin ikaona hasara yake. Dola Huru lilijenga kambi Shangi mwaka 1896, likapigana na jeshi la Rwanda. Mwaka uliofuata askari walioasi wakawafukuza Wabelgiji, na Wajerumani wakasogea mpaka Ruzizi. Novemba 1899 maofisa Bethe, Mjerumani, na Hecq, Mbelgiji, wakakubaliana kila upande ubaki na vituo vyake mpaka wakubwa waamue. Hoja ikawa ya vipimo: ncha ya Tanganyika iko wapi hasa? Longitudo ya 30 inapita wapi? Wapimaji wakaja tena na masanduku ya kronomita.

Waingereza nao wakaingizwa na kosa lao. Mwaka 1890 walikuwa wameudai mlima Mfumbiro katika mkataba na Ujerumani, kwa habari za wasafiri, bila kuufikia. Tume yao na Wabelgiji ilipoipima longitudo ya 30 mwaka 1907 na 1908, ikaonekana safu ya Virunga iko magharibi ya mstari, upande ambao tangazo la 1885 liliipa Kongo. Mwaka 1910 dola tatu zikakaa Brussels, zikaacha jiometri, zikafuata maji na milima. Kisiwa cha Idjwi kikaenda kwa Wabelgiji. Ruzizi ukawa mpaka, na kituo cha Bukavu kikajikuta ukingoni mwa nchi badala ya ndani yake. Anayevuka daraja la Ruzizi na kitambulisho mkononi anavuka maafikiano yaliyopatikana kwa sababu saa hazikuaminika.

Mji uliokua hapo uliitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950. Tofauti ya urefu waliyoigombania Burton na Baker ikapata kazi ya maana: Ruzizi hushuka karibu mita 690 kutoka Kivu hadi Tanganyika, na bwawa la Mururu likaanza kutoa umeme mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950. Kaskazini ya mji, Lwiro, taasisi ya utafiti wa sayansi iliyoanzishwa mwaka 1947 ikaweka seismografu. Nazo hutegemea saa kama mpelelezi: tetemeko hupatikana mahali lilipotokea kwa kulinganisha sekunde ambazo mawimbi yake yalifika vituo mbalimbali. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba Bukavu na ng'ambo yake Rwanda. Katika kazi hiyo kosa la sekunde nne huhamisha chanzo cha tetemeko kilomita nyingi.

Ramani za 1885 zimekwenda makumbusho, lakini longitudo ya 30 haikuondoka Bukavu. Saa rasmi ya mashariki ya Kongo iko saa mbili mbele ya Greenwich, na saa mbili ni nyuzi 30 kamili. Mstari huo unapita karibu na Kigali. Mkazi wa Bukavu anaamka, anafungua duka na kupanda basi kwa wakati wa mstari ulioshindwa kuwa mpaka wake.

Kwa hiyo atakayeleta saa ndefu ya pendulumu kutoka Uingereza na kuisimamisha Bukavu ajue haya. Itachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku, na fundi hana kosa: mvutano wa dunia ni mdogo zaidi karibu na ikweta na mlimani, pendulumu hubembea polepole. Mfaransa Jean Richer aliligundua hilo Cayenne mwaka 1672, akadhaniwa kuwa mzembe. Dawa ni nati iliyo chini ya uzito wa pendulumu. Ukiupandisha uzito kama milimita tatu na nusu, saa inarudi katika mwendo wake. Fundi wa saa wa Nyawera anayebadilisha betri na kioo cha saa za mkononi anaweza kuifanya kazi hiyo, akielezwa. Kisha ilinganishwe na simu au redio, si na jua. Bukavu iko magharibi ya mstari wake wa saa, hivyo kwa wastani jua hufika utosini saa sita na dakika nne na nusu. Katikati ya Februari hufika saa sita na dakika 19, na mwanzoni mwa Novemba saa sita kasoro dakika 12.