Stika ilivyobanduka kwenye kioo cha gari ikahamia kwenye tenki la bodaboda

Shilingi 10 leo hainunui hata pipi. Ndiyo iliyoongezwa kwa kila lita ya mafuta katika bajeti ya Juni 2025, kwa ajili ya mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Lakini kijiweni Nyakato, Manispaa ya Musoma, mafuta hayahesabiwi kwa kumi moja moja. Dereva anayeshusha mgonjwa hospitali ya rufaa Kwangwa, akageuza na abiria wa stendi ya Bweri, kisha akateremka Mwigobero kufuata wachuuzi wa dagaa, anachojua ni kwamba ya mafuta yatatoka, hesabu ya bosi itatoka, na kitakachobaki ndicho chake. Na kila Juni panapozuka ubishi wa tozo, mazungumzo hayachelewi kurudi mwaka 2017.

Kabla ya hapo historia ni ndefu, ila haina mengi ya kumhusu mwendesha pikipiki. Mjerumani alileta kodi ya nyumba mwaka 1898, Mwingereza akaja na ya kichwa, na barabara nyingi zikalimwa kwa nguvu za watu hao hao waliolipa. Baada ya uhuru ikatungwa sheria ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari mwaka 1972, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia hadi sasa. Mafuta yalipoadimika, magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, marufuku ambayo wazee wenye magari bado wanaisimulia kwa uchungu. Mfuko wa Barabara ukaanza kukusanya tozo kwenye lita za mafuta. Sambamba na hayo yote ilikuwepo ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile ambayo watu waliiita rodi laisensi, na stika yake ikabandikwa kwenye kioo cha mbele.

Pikipiki haina kioo cha mbele. Wala haikuwa gari la abiria kisheria, hadi sheria ya leseni za usafirishaji iliporekebishwa, na kanuni za pikipiki na bajaji zikatoka mwaka 2010. Kufikia hapo vijana walishakuwa barabarani, na sheria ndiyo iliyowafuata.

Tarehe 8 Juni 2017, Waziri wa Fedha wakati huo, Dk. Philip Mpango, alisimama bungeni Dodoma akatangaza kuifuta ada ya mwaka. Ingelipwa mara moja tu gari linaposajiliwa, na baada ya hapo ingekusanywa kupitia ushuru wa mafuta: Sh40 zaidi kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ushuru wa petroli ukapanda kutoka Sh339 hadi Sh379. Madeni ya nyuma ya ada hiyo, pamoja na adhabu zake, yakasamehewa.

Wenye magari walifurahi, na walikuwa na haki. Ada ile haikujali kama gari linatembea au limewekwa juu ya mawe uani likisubiri injini. Mwaka ukiisha unadaiwa, usipolipa adhabu inapanda, na trafiki akikusimamisha cha kwanza anaangalia kioo. Serikali nayo iliondokana na kazi ya kumfukuzia mwenye gari mmoja mmoja. Kwenye mafuta hakuna wa kukwepa, na anayetembea sana ndiye anayelipa sana. Kwa maneno hayo, mabadiliko yale yalikuwa ya busara.

Shida iko kwenye jedwali alilolisoma waziri. Madaraja ya ada hiyo yalianzia injini ya cc 501: Sh150,000 kwa mwaka hadi cc 1,500, Sh200,000 hadi cc 2,500, na Sh250,000 kwa zilizozidi hapo. Bodaboda inayosubiri abiria Nyakato ina cc 125, labda 150. Haikuwemo kwenye orodha. Ada ilipofutwa, mwenye pikipiki hakufutiwa kitu, maana hakuwa na stika ya kubandua. Ilipohamia kwenye mafuta, yeye akawa miongoni mwa walipaji wa kila siku. Alikuwepo pia bibi wa kijijini mwenye kibatari, asiyemiliki hata baiskeli. Sababu iliyozoeleka ya kuyatoza mafuta ya taa pamoja na dizeli ni kuzuia uchakachuaji, na ndiyo iliyopandisha ushuru wake kwa kishindo mwaka 2011. Sababu ina mantiki, lakini bibi hachakachui chochote.

Tufanye hesabu ya kijiweni. Chukua pikipiki inayokunywa lita tatu kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ile Sh40 peke yake inatoa Sh36,000. Ingeishia hapo, pengine ugomvi ungekuwa umekwisha zamani. Haikuishia hapo. Juni 2021 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, aliongeza Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Juni 2023 akaongeza Sh100 nyingine, safari hii kwa miradi ya kimkakati. Jumlisha tatu hizo kwa pikipiki yetu ya mfano: Sh216,000 kwa mwaka. Ni kweli kwamba ni Sh40 tu iliyochukua nafasi ya stika. Lakini gari dogo la cc 1,500, enzi za stika, lilidaiwa Sh150,000.

Bodaboda hawakusahauliwa kabisa. Bajeti ile ile ya 2021 ilishusha faini yao kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa kosa, kwa hoja kwamba pikipiki haifai kulipishwa sawa na basi. Hoja nzuri sana. Inashangaza kwamba haikufika sheli. Ada ya usajili wa pikipiki, kwa upande wake, ilikuwa imepandishwa mwaka 2016 kutoka Sh45,000 hadi Sh95,000.

Halafu kuna umbali. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na lita ya Musoma huwa juu ya lita ya Dar es Salaam kwa sababu ya safari kutoka bandarini. Tozo ni ile ile, ila huku mkoani Mara inakaa juu ya bei ambayo tayari imechoka njiani. Na barabara? Kwa miaka mingi Mfuko wa Barabara uligawa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa zile za halmashauri. TARURA ilipoanza mwaka huohuo wa 2017, ilirithi fungu dogo pamoja na mtandao mkubwa wa njia za mitaani. Bodaboda hali ugali wake kwenye lami ya barabara kuu ya Sirari, ambako mabasi yapo. Anakula kwenye vichochoro vya udongo na mawe, huko kwenye asilimia 30, na shoka abzoba za pikipiki yake zinanunuliwa na yeye.

Wapo wanaodhani pikipiki za umeme zitamaliza ubishi, kwa kuwa hazipiti sheli. Lakini kodi huwafuata wanaohama mafuta: mwaka 2024 serikali ilipendekeza Sh382 kwa kila kilo ya gesi ya kuendeshea magari, na madereva waliohamia kwenye gesi wakapiga kelele. Kodi ya majengo nayo, tangu Agosti 2021, inakatwa kila mwezi mtu anaponunua umeme wa LUKU. Pikipiki ya umeme itachajiwa kwa LUKU hiyo hiyo.