Kila Inchi ya Dohani Ina Kaburi Lake

Ndugu msikilizaji, mwezi Juni Njombe si mahali pa kuchezea. Mtu aliyetoka Dar es Salaam na shati lake moja jepesi hushuka stendi meno yakigongana, na kabla hajauliza njia huuliza wapi panauzwa sweta za mitumba. Ndivyo ilivyonikuta mwaka jana, nilipokwenda kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko.

Shemeji yangu alikuwa amehamia nyumba mpya, na fahari ya nyumba ile ilikuwa jiko la kuni la chuma lililofungwa pembeni mwa sebule. Lilikuwa na mlango wa kioo, na bomba jeusi lililopanda hadi darini, likatoboa mbao, likatokea juu ya bati.

"Shemeji, karibu Ulaya," akaniambia, akanivutia kiti.

Nikaota moto, nikanywa chai, nikashukuru. Lakini mazoea ya kazi ni ugonjwa, nikainua macho. Pale bomba lilipopita darini, mbao zilikuwa zimelikaba kama kola iliyobana shingo, na kuzunguka tundu lile rangi yake ilikuwa imeanza kugeuka kahawia. Nikatazama madirisha. Mama yake shemeji, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa ameziba kila ufa kwa matambara, maana baridi ya kule haibishi hodi. Wajukuu watatu walikuwa wamelala mkekani mbele ya jiko.

Kesho yake fundi akaitwa. Tulisalimiana vizuri, kamwene, kamwene, kisha nikamwuliza habari ya mbao zile. Akacheka kwa upole. "Mzee, nimefunga majiko sita ya namna hii, na hakuna hata nyumba moja iliyoungua."

Siku ile sikuwa na jibu, kwani ushahidi wa nyumba sita si mdogo. Niliporudi mjini nikaanza kusoma, na mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu kwake. Itabidi twende Uingereza, si kwa sababu wao ni werevu kuliko sisi, bali kwa sababu jiji lao la London liliungua mara nyingi na makarani wake wakaandika kila mara. Isitoshe, kanuni nyingi za ujenzi tulizozirithi mijini kwetu zilipita mikononi mwao.

Mwaka 1212 moto uliteketeza Southwark, ng'ambo ya mto Thames, na kuunguza majengo yaliyokuwa juu ya daraja la London. Mwaka huohuo wakuu wa jiji wakapiga marufuku kuezeka kwa matete na nyasi. Dohani, yaani njia ya moshi iliyojengwa, nazo zikafika zamu yake. Watu walikuwa wakizijenga kwa mbao na kuzikandika udongo. Udongo ukipasuka, cheche hukutana na mti mkavu. Katika kitabu cha sheria za jiji kilichokusanywa mwaka 1419 imo amri kwamba dohani ijengwe kwa mawe, vigae au plasta, isiwe ya mbao, la sivyo ibomolewe.

Lakini sheria ni kitu kimoja na fundi ni kitu kingine. Jiji likaendelea kujengwa kwa mbao, nyumba zikiegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1666, moto ukaanza katika nyumba ya mwoka mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Meya wa jiji aliamshwa, akautazama, akaudharau, akarudi kulala. Kwa siku nne ziliungua nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Na Farriner? Alishikilia kwamba alikuwa amekagua nyumba yake kabla ya kulala na kuuacha moto ukiwa salama. Hata yeye, ndugu fundi, alikuwa amewasha tanuri lile siku nyingi bila nyumba kuungua.

Mwaka 1667 Bunge likapitisha sheria ya kuujenga upya mji. Nyumba ziwe za matofali au mawe, unene wa kuta ukatajwa, na wakaguzi wakateuliwa. Ndani ya sheria ile dohani ilipewa maneno yake: boriti zikae mbali nayo kwa inchi zilizotajwa kwa hesabu, wala pasiwe na mti wowote ndani ya njia ya moshi, na fundi atakayekosa atozwe faini. Faini ile ilimwangukia fundi mwenyewe. Walikuwa wamejifunza kwamba mwenye nyumba huona rangi ya ukuta, wala haoni boriti iliyofichwa nyuma yake.

Tofauti na moto wa ghafla, mbao iliyo karibu na bomba hufundishwa kuungua polepole. Joto la miezi na miaka huikausha na kuigeuza kahawia, kisha nyeusi, hata ikawa tayari kushika moto kwa joto dogo ambalo mbao mpya ingelistahimili. Kwa hiyo nyumba sita ambazo hazijaungua huenda ni nyumba sita ambazo mbao zake bado ziko darasani.

Matofali yalipoizuia cheche, masizi yakabaki. Masizi yakiachwa ndani ya dohani hushika moto yenyewe, ukanguruma humo kama treni. Lazima yasuguliwe. Lakini dohani za Waingereza zilikuwa nyembamba na zenye kona, wakaona kiumbe wa kupenya humo ni mtoto. Watoto maskini wakapandishwa dohani wakiwa na brashi, wengine wakakwama humo wakafa. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji Percivall Pott aliandika kwamba wasafishaji dohani walikuwa wakipata saratani kwa sababu ya masizi. Sheria ya 1788 ilikataza kuwatumia walio chini ya miaka 8, na ya 1840 ikakataza walio chini ya miaka 21. Zote mbili zilidharauliwa. Februari 1875 mvulana aitwaye George Brewster, mwenye umri wa miaka 11, aliingizwa katika dohani ya hospitali moja karibu na Cambridge, akatolewa akiwa mahututi, akafa. Bwana wake alifungwa miezi 6 kwa kazi ngumu, na mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyowataka wasafishaji wote wawe na kibali kutoka polisi. Hapo ndipo watoto walipopumzika. Leo kanuni zikisema kwamba bomba lisiwe na kona nyingi na liwe na mahali pa kufungulia ili lisafishwe, mimi namkumbuka mtoto yule.

Bado kuna kifo cha tatu, nacho hakina moto wala moshi wa kuonekana. Kuni au mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwanasayansi John Scott Haldane aliivuta mwenyewe katika majaribio ili aone inavyomlewesha mtu. Mwaka 1896 alitoa ripoti kwamba wachimbaji wengi waliokufa katika milipuko ya migodi ya makaa hawakuuawa na mlipuko, bali na gesi hii.

Nanyi mnaonisikiliza mkiwa Dar es Salaam au Mwanza, msiseme habari hii ni ya watu wa baridi. Mara ngapi tumesoma habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku, wakafunga mlango, na asubuhi mlango ukavunjwa na majirani? Jiko lile halikuwa na bomba lolote. Hilo la shemeji lina bomba, lakini bomba haliwezi kutoa moshi ikiwa chumba hakiingizi hewa. Ni kama kunyonya soda kwenye chupa uliyoikaba mdomo.

Sasa nikasome kanuni za Uingereza za siku hizi kwa jicho hilo. Bomba tupu la chuma likae mbali na mbao kwa umbali usiopungua mara tatu ya upana wake, au nusu ya umbali huo pakiwekwa kinga inayofaa: huo ni moto wa 1666. Bomba la jiko la kuni kwa kawaida liwe na upana usiopungua milimita 150 na liweze kusafishwa: hao ni watoto wa masizi. Jiko lenye nguvu ya zaidi ya kilowati 5 liwe na tundu la hewa lisilofungika katika chumba, na tangu mwaka 2010 kila jiko jipya la kuni liwekewe king'ora cha kaboni monoksidi: hao ni wafu wa Haldane. Hata moshi unaotoka nje una sheria yake, kwani Desemba 1952 ukungu wa moshi ulilifunika jiji la London kwa siku tano. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kufa, na hesabu za baadaye zikafika 12,000. Sheria ya hewa safi ikafuata mwaka 1956.

Angalia mpangilio huo, ndugu msikilizaji. Mazishi kwanza, kanuni baadaye, kila mara. Sisi tunaletewa jiko lao kwenye kontena, limesuguliwa linang'aa, lakini kijitabu chake kinatupwa pamoja na boksi. Tunachukua chuma, tunaacha karne nane za majivu zilizowafundisha namna ya kukifunga.

Nilimpigia simu shemeji nikamsomea hayo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei. Bomba lake ni la inchi 6, kwa hiyo mbao zilipaswa kukaa inchi 18 kila upande, au 9 kwa kinga. Fundi alikuja, kwa hakika si kwa furaha, akakata dari kuzunguka bomba, akafunga mabati mawili yenye nafasi kati yake. Alipozishusha mbao za zamani, dada yangu aliniambia, upande wa juu ambao hatukuuona ulikuwa umekwisha kuwa mweusi. Fundi alizigeuza mkononi kwa muda mrefu, akaomba aondoke na kipande kimoja. Siku mbili baadaye alionekana akipanda ngazi kwenye nyumba ya kwanza kati ya zile sita.

King'ora nimekituma kwa basi. Bibi ndiye aliyebaki na shauri lake. Anasema hewa ninayoitaka mimi ndiyo hiyohiyo baridi anayoizuia yeye, na sikuweza kumbishia. Tumekubaliana atoe tambara moja tu, la dirisha lililo karibu na jiko, na tundu lile liwekewe wavu lisizibwe tena. Ameniahidi. Kila Jumapili ninapompigia simu dada yangu, kabla ya kuuliza habari za watoto, namwuliza habari ya tambara.