Mtayarishaji Mbunifu wa Filamu na Televisheni

Mtayarishaji mbunifu ni mtu anayeilea hadithi ya filamu au tamthilia tangu ikiwa wazo hadi inapomfikia mtazamaji, akiwa na kauli katika maamuzi ya kisanaa. Wengi humchanganya na mfadhili. Mfadhili hutoa fedha. Mtayarishaji huzisaka, kisha huamua pamoja na mwongozaji zitumike wapi ili hadithi isipoe.

Ubunifu wake huonekana hasa mezani, skripti inapochambuliwa sini moja baada ya nyingine. Tuseme mwandishi ameweka ugomvi wa mke na mume kwenye kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam, usiku, mvua ikinyesha. Dakika mbili za sini hiyo zinadai jenereta, taa, gari la maji, kibali, chakula cha usiku na usafiri wa kuwarudisha wote makwao. Anayetazama bajeti peke yake ataifuta sini. Mtayarishaji mbunifu huuliza kwanza kivuko kina kazi gani katika ugomvi ule. Kama mke lazima ayaone maji yanayomtenga na kwao, kivuko kinabaki na gharama inapunguzwa kwingine. Kama sivyo, baraza ya nyumba yatosha.

Filamu ya Vuta N'Kuvute (2021), iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilidai maamuzi mazito ya namna hiyo. Hadithi iko Zanzibar ya miaka ya 1950, na mtaa wa leo una madishi, pikipiki na mabango ya simu, ambavyo sharti viondolewe au vikwepwe. Mwongozaji wake, Amil Shivji, aliitengeneza kupitia Kijiweni Productions, kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, na Tanzania ikaipendekeza kwa tuzo za Oscar, mara ya kwanza tangu filamu ya Maangamizi ya 2001.

Njia za kuingia katika kazi hii ni nyingi. Nairobi, Sarika Hemi Lakhani wa kampuni ya One Fine Day Films alitayarisha filamu za Nairobi Half Life (2012), Kati Kati (2016) na Supa Modo (2018), akiwainua waongozaji chipukizi. Dorothy Ghettuba alianzisha kampuni ya Spielworks Media, akatayarisha tamthilia ya Lies That Bind, na baadaye akaajiriwa na Netflix.

Kinachomdumisha mtayarishaji ni haki miliki. Enzi ya DVD, watayarishaji wengi wa Bongo Movie, yaani filamu za Tanzania, waliuza kazi pamoja na haki zake kwa wasambazaji, kwa malipo ya mara moja. Filamu iliporushwa tena, wenye jasho hawakuambulia kitu. Ni hasara ya kusikitisha, na inaepukika. Anayeanza aandikiane na mwandishi kabla ya rasimu ya kwanza, na mwanamuziki kabla wimbo haujaingia kwenye uhariri, kisha aisajili kazi katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ikiwa yuko Tanzania Bara. Kituo cha televisheni kipewe ruhusa ya kurusha kwa miaka na nchi zilizotajwa katika mkataba, na haki ya kuonyesha mtandaoni iwe na kifungu chake na malipo yake.