Bakteria wa Magonjwa Nchini Rwanda na Ukanda wa Maziwa Makuu

Bakteria ni viumbe wa seli moja wasio na kiini kilichofungiwa ndani ya utando, wadogo kiasi cha kupimwa kwa mikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na walio wengi miongoni mwao hawamdhuru binadamu. Utumbo wa mtu mwenye afya hubeba matrilioni yao wakimsaidia kusaga chakula. Wachache waletao maradhi ama huvamia tishu na kuziharibu, ama hutoa sumu, na baadhi hufanya yote mawili. Makala haya yanawaeleza kwa kufuata njia wanazopita kumfikia mtu, kwa kuwa mara nyingi njia hiyo ndiyo huamua nani augue na wangapi wafe.

Njia ya kwanza ni maji na chakula. Rebero, kilima cha wilaya ya Kicukiro, kusini mwa jiji la Kigali, kinaonyesha jinsi umbo la nchi linavyohusika. Mvua inyeshayo juu ya kilima cha namna hii hukokota kila ilichokikuta, na kama kuna choo cha shimo kilichofurika, hukokota na hicho, hadi bondeni ambako chemchemi hutokeza na wasio na bomba huchota maji, hivi kwamba mkazi wa juu anaweza kumwambukiza wa chini bila wawili hao kuonana kamwe. Ndivyo wanavyosafiri Escherichia coli, ambaye aina zake nyingi hukaa utumboni kwa amani lakini baadhi huharisha watoto na kuambukiza njia ya mkojo, na Salmonella Typhi, mleta homa ya matumbo, maarufu kama taifodi. Ugonjwa huu wa pili hutajwa mno kuliko unavyothibitishwa, kwa sababu kipimo cha Widal kinachotumiwa sana Afrika Mashariki hutafuta kingamwili, si bakteria mwenyewe, na huweza kumhesabu kuwa mgonjwa mtu aliyeambukizwa zamani au hata asiyewahi kuambukizwa.

Msiba mkubwa kuliko yote wa njia hii uliwapata Wanyarwanda nje ya nchi yao. Katikati ya Julai 1994, kati ya watu 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kwa siku chache na kuingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, na viunga vyake, mahali penye miamba ya volkano iliyo migumu kuchimbika, pasipoweza kutoa vyoo wala makaburi ya kutosha, na wengi wao wakanywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotibiwa. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu aliye na umbo la mkato, hutoa sumu inayoufanya utumbo mwembamba umwage maji na chumvi mfululizo, na mgonjwa huweza kufa kwa ukavu ndani ya saa chache. Mlipuko ulithibitishwa tarehe 20 Julai, na katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa, wengi mno kwa kuhara. Mara baada yake kukafuata kuhara damu kwa Shigella dysenteriae, ambaye huhitaji bakteria wachache tu kuambukiza. Inauma zaidi kujua kwamba kipindupindu kinachotibiwa mapema kwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi huua chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100.

Ngozi na majeraha ni mlango wa Staphylococcus aureus, mleta majipu na tambazi, yaani usaha ndani ya msuli, na wa Clostridium tetani, ambaye mbegu zake zilizomo udongoni huleta pepopunda. Kisonono na kaswende hupita kwa kujamiiana. Homa ya papasi huletwa na Borrelia duttonii, bakteria mwenye umbo la msokoto aliyepewa jina la daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, ambaye mwaka 1905, mashariki mwa Kongo, alionyesha pamoja na mwenzake kwamba papasi wa kwenye sakafu za udongo ndio waenezaji, kisha akafa kwa homa hiyohiyo.

Dawa zinazowaua bakteria huitwa viuavijasumu au antibiotiki. Hazifanyi kazi dhidi ya virusi, na kuzinywa kwa kila mafua huwaacha hai bakteria wenye kinga, ambao ndio huzaana. Bakteria wa kipindupindu wa Goma tayari alikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini.

Imebaki njia ya hewa, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kuziba. Streptococcus pneumoniae huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, hasa kwa watoto wadogo, na mwaka 2009 Rwanda ilianza kuwachanja watoto wake wote dhidi yake, mapema kuliko nchi nyingi za kipato chake. Aidha, washauri wa afya wa vijijini, waitwao abajyanama b'ubuzima, hufundishwa kuhesabu pumzi za mtoto na kumpa amoksisilini. Mycobacterium tuberculosis, bakteria wa kifua kikuu aliyetangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, hukua polepole na kuweza kulala mwilini miaka mingi, ndiyo maana matibabu yake ya kawaida huchukua miezi sita na kuyakatisha ni hatari kwa mgonjwa na kwa jirani zake. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Mnyarwanda Jean Claude Ngabonziza lilieleza ukoo wa nane wa bakteria hao, uliochipuka kabla ya koo nyingine zote zinazojulikana za kifua kikuu cha binadamu. Sampuli zake zilizopatikana zilikuwa mbili tu, moja ya Rwanda na nyingine ya Uganda.