Fuso za Mlali kwenye barabara ya Wamarekani

Nyanya ya Mlali, mkoani Morogoro, ikishaiva haina subira. Inachumwa asubuhi, mchana inapangwa kwenye matenga, na kabla hakujapambazuka inatakiwa iwe Ilala au Mabibo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 200 kutoka shambani. Ikilala njiani siku mbili, hasara ni ya mkulima. Dalali yeye huwa hana lake.

Kwa hiyo gari linaloegeshwa jioni kando ya mashamba, chini ya Milima ya Uluguru, linachaguliwa kwa uhakika wake na si kwa sura. Mara nyingi huwa Fuso: kabini fupi isiyo na pua, bodi la mbao na vyuma lililochomelewa hapa hapa nchini, na springi za nyuma zilizoongezewa pleti ili mgongo usilale mzigo ukizidi. Matenga ya chini hutandikiwa nyasi kavu, ya juu hufungwa kamba moja moja, kisha tandiboy anapanda kileleni na turubai. Dereva anazunguka gari akigonga matairi na kukagua nati za gurudumu. Kuhusu nati hizo kuna habari kutoka Yokohama, itafika mahali pake.

Mwenye Fuso hapa hapendi kuulizwa kwa nini hakununua gari jingine. Akijibu, jibu lake ni fupi: spea zipo, fundi yupo, na siku akikwama kifedha anapata mnunuzi. Nyuma ya jibu hilo kuna miaka karibu 60 ya vita vya kisiasa, sheria za hewa za Tokyo na kampuni kubwa zilizouziana hisa, na Marekani imo ndani yake zaidi ya vile mtu angedhani akiiangalia nembo iliyo mbele ya gari.

Barabara ya kutoka Mgeta na Langali hushuka hadi Mlali, kisha hutokea Sangasanga kwenye barabara kuu ya Iringa. Hiyo barabara kuu ndiyo iliyoleta malori makubwa Morogoro. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia, isiyo na bandari, ikajikuta mafuta yake na shaba yake vinategemea njia za kusini zisizoaminika tena. Mapipa ya petroli yakaanza kupakiwa Dar es Salaam na kupelekwa Zambia kwa barabara ya vumbi iliyopita Morogoro, Mikumi, Iringa na Mbeya. Masika ilikuwa matope, kiangazi vumbi, na kwenye miteremko malori yalipinduka mara kwa mara hadi waliosema Kiingereza wakaipachika njia hiyo jina la jehanamu.

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na wabia wa Kiitaliano, ziliunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services. Kwa kuwa wabia walikuwa Waitaliano, malori yakawa Fiat. Halafu ikaja lami. Benki ya Dunia ilikopesha, na serikali ya Marekani ikatoa fedha kwa sehemu ya barabara hiyo ya kwenda Tunduma, wakati Wachina wakishughulika na reli ya TAZARA jirani yake. Reli ilikabidhiwa mwaka 1976, lami ikiwa imeshatangulia. Wakubwa wawili walishindana kuifungua Zambia, na mkulima wa Uluguru, ambaye hakuna aliyemfikiria wakati huo, akapata njia nzuri ya kwenda Dar.

Malori ya Kimarekani hayakufuata fedha za Marekani. Sababu ya kwanza iko kwenye usukani. Tanzania, kama Uingereza na Japani, huendesha kushoto, na usukani unatakiwa uwe kulia. Marekani ni kinyume chake, na dereva wa usukani wa kushoto anayetaka kulipita lori jingine pale Mikumi hulazimika kwanza kuliingiza gari zima upande wa pili wa barabara ndipo aone kinachokuja. Sababu ya pili ni umbo. Lori la masafa marefu la Kimarekani lilizoeleka kuwa na pua ndefu, kwa kuwa kule kuna barabara pana na nafasi ya kugeuzia. Ukilipeleka kwenye kona za kupanda Langali, dereva ataanza kurudi nyuma kabla hajafika nusu ya mlima.

Hilo si kuwadharau. Kwao wanayapenda kwa namna ambayo Mtanzania angeielewa mara moja. Mack, kampuni iliyoanzia Brooklyn mwaka 1900, ilipata sifa Vita Kuu ya Kwanza pale askari wa Kiingereza walipoyafananisha malori yake na mbwa wa aina ya bulldog kwa uso wake na ukaidi wake. Mbwa huyo akawa nembo mwaka 1922, na miaka kumi baadaye mhandisi mkuu wa kampuni, Alfred Masury, akachonga sanamu yake ndogo inayokaa juu ya pua ya lori mpaka leo. Huku kwetu mwenye gari huandika jina la mwanaye juu ya kioo, au hupaka rangi za Simba au Yanga. Tamaa ya kulifanya gari liwe na uso wa mwenyewe ni ile ile.

Lakini fedha ya Kimarekani ilikuwa imeshaingia Afrika Mashariki kimyakimya, ikiwa imevaa jina la Kiingereza. General Motors ilinunua kampuni ya Vauxhall ya Luton mwaka 1925, na mwaka 1931 ikaanza kuuza malori yaliyoitwa Bedford. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilipata Bedford kama 250,000. Vita hivyo hivyo viliwafundisha udereva vijana wengi wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliotumikia kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Afrika Mashariki, na waliporudi nyumbani baada ya 1945 ujuzi wao ulikuwa leseni na gereji kichwani. Bedford TJ iliyotoka mwaka 1958, yenye pua na injini ambayo fundi wa kijijini aliweza kuifungua chini ya mwembe, ikawa lori la mazao na la abiria pia. Kenya iliingia ubia na General Motors mwaka 1975, na miaka miwili baadaye kiwanda cha Nairobi kikaanza kuunganisha magari. Luton yenyewe ilichoka mapema: mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani aliiuza biashara ya Bedford kubwa, na spea zikaanza kuwa za kutafutwa.

Nafasi hiyo iliangukia kwa Wajapani.

Fuso ya kwanza haikuwa lori. Ilikuwa basi, B46, lililotengenezwa mwaka 1932 na kiwanda cha meli cha Mitsubishi mjini Kobe. Baada ya vita Wamarekani walioikalia Japani waliivunja Mitsubishi vipande vipande, na kampuni zake za viwanda vizito zikaja kuungana tena mwaka 1964. Mwaka mmoja kabla ya hapo Canter, ambayo Tanzania nzima inaiita Kenta, ilikuwa imeshaingia sokoni. Kitengo cha magari kilipopewa kampuni yake, Mitsubishi Motors, mwaka 1970, aliyekuja kununua asilimia 15 ya hisa mwaka uliofuata alikuwa Chrysler wa Detroit. Kwa miaka zaidi ya 20, basi, mwenye Fuso alikuwa akiendesha gari ambalo sehemu ya faida yake ilikwenda Marekani.

Tanzania ya miaka hiyo haikuwa na fedha za kigeni za kuchezea. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, magari yaliwekwa juu ya mawe kwa kukosa tairi au klachi, na mazao yakaozea vijijini. Serikali ilikuwa na lori lake la kitaifa, kwa namna fulani: Scania zilizounganishwa Kibaha na TAMCO. Lakini Scania lilikuwa la mashirika na vyama, si la mtu binafsi mwenye akiba ya nyanya. Mlango ulifunguka mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, na ukapanuka chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Kati ya vilivyoshuka bandarini, vingi vilikuwa magari yaliyotumika Japani, yenye usukani kulia tayari.

Mjapani huuza gari lake mapema, kwa sababu ukaguzi wa lazima wa kule ni ghali na huzidi kuuma gari likizeeka. Kwa malori kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 1992 Japani ilitunga sheria ya kubana moshi wa magari kwenye miji yake mikubwa, ikaikaza mwaka 2001, na kuanzia Oktoba 2003 mji wa Tokyo ukapiga marufuku malori ya dizeli yasiyotimiza viwango vyake. Lori zima la afya, lenye injini iliyotunzwa, likawa halina pa kwenda Tokyo. Sehemu ya magari hayo ilipanda meli kuja Afrika. Moshi ambao Tokyo iliukataa ndio unaoshusha kabichi na viazi kutoka Nyandira, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Waluguru hawakuulizwa, ingawa ni haki kusema kwamba bila moshi huo kabichi zingebaki huko huko.

Tena injini zilizokuja ni zile ambazo mafundi wangezichagua wenyewe kama wangeulizwa. 6D14, 6D15, 6D16: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, pampu ya dizeli inayoendeshwa kwa meno ya gia, hakuna kompyuta. 6D16 ina ujazo wa zaidi ya lita saba na nusu. Kwenye Kenta ni 4D32 au 4D33, silinda nne. Fundi wa Morogoro mjini huzitaja namba hizi kama mwalimu anavyotaja majina ya wanafunzi wake, na akitajiwa moja anajua kichwani ring za saizi gani zifuatwe Gerezani, Dar es Salaam. Nozeli ikiziba inafunguliwa na kupimwa. Sleeve ikilika inatolewa, inaingizwa nyingine. Gari lililokufa halifi. Linauzwa kwa viungo, difu yake ikaenda Kilosa, giaboksi ikaenda Ifakara. Hapo ndipo penye mvuto wote. Anayenunua Fuso anaingia kwenye ukoo mkubwa wa magari yanayosaidiana viungo, na ukoo huo unakua kila Fuso nyingine inapoingia.

Land Rover 109 ilikuwa na ukoo kama huo kwenye njia za juu za Uluguru, na bado haijaisha, lakini mzigo wake ni mdogo. Scania tandam hubeba zaidi ila inataka barabara. Fuso ya ekseli mbili imesimama katikati. Hata mizani inaipa nafasi: sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele na 10 kwenye ya nyuma yenye matairi pacha. Kila mwenye gari anaijua hesabu hiyo, kwani mizani za Mikese na Vigwaza zinamsubiri. Kinachomponza ni lumbesa: gunia lililofungwa likapandishwa kichwa juu yake haliandikwi popote, ila mizani inaliona.

Sasa zile nati. Januari 2002 gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka barabarani Yokohama, likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kampuni ilidai kosa ni la wenye magari, kwamba hawakuyatunza. Mwaka 2004 ikakiri kwamba habu zenyewe zilikuwa na kasoro, na ikabainika kuwa ilikuwa ikificha kasoro kwa miaka mingi. Wakuu wake walikamatwa. Kashfa hiyo iliiangusha Mitsubishi nyumbani kwake. Huku kwetu haikutikisa bei ya Fuso hata kidogo, labda kwa sababu dereva wa mlimani hakuwahi kumwamini mtu yeyote kuhusu nati. Huzikaza Nyandira, na akifika Mlali huzigonga tena.

Wakati kashfa inapamba moto, Mmarekani alikuwa amesharudi kwa mara ya pili. DaimlerChrysler, muungano wa Stuttgart na Detroit, ilichukua hisa za Fuso kuanzia 2003 na kufikia 2005 ilimiliki sehemu kubwa kabisa. Ndoa ya Mjerumani na Mmarekani ilivunjika 2007, Fuso ikabaki kwa Mjerumani, nyumba moja na Freightliner, lori la Oregon linalotamba kwenye barabara kuu za Marekani. Tangu 2013 sehemu ya Fuso mpya zinazouzwa Afrika Mashariki imekuwa ikitoka Chennai, India. Ni chache zinazoonekana shambani. Mwenye nyanya hanunui gari jipya.

Juni 2025 Daimler na Toyota walikubaliana kuiunganisha Fuso na Hino ya Toyota chini ya kampuni moja, hasa ili wagawane gharama za malori ya umeme na ya haidrojeni. Mlali itayapokea hayo yakishatumika Japani miaka 15, na swali la kwanza kuulizwa pale gereji litakuwa kama betri yake inapatikana Gerezani.